Televisheni Ndani ya Sinema

Watu wengi wa Mbeya na Iringa waliokuwa wanafunzi katika miaka ya 1970 waliiona televisheni kwa mara ya kwanza wakiwa wameketi gizani katika jumba la sinema, au wakiwa wamesimama uwanjani usiku, wamejifunika mablanketi kwa baridi ya Juni, mbele ya shuka jeupe lililowambwa na wafanyakazi wa gari la sinema. Katika shuka hilo tajiri fulani wa ng'ambo aliingia sebuleni mwake, akabonyeza kitufe, na kisanduku kilichokuwa pembeni kikawaka. Ndani ya kisanduku walionekana watu wadogo, wenye rangi zao, wakisema na kucheka. Kisha hadithi iliendelea, na kisanduku kikasahauliwa.

Kitu walichokiona watazamaji hao hakikuwa televisheni, bali picha ya televisheni. Hilo ni dhahiri. Lisilo dhahiri ni kwamba katika filamu nyingi za zamani hata hiyo picha iliyong'aa katika kisanduku haikutoka katika televisheni hata kidogo. Ilikuwa filamu nyingine iliyorushwa kwa ujanja juu ya kioo kitupu, kwa sababu kamera ya sinema na televisheni ni vyombo viwili visivyopatana katika jambo moja la msingi, nalo ni kuhesabu wakati.

Yafaa kwanza ifahamike kwa nini watu wa Nyanda za Juu Kusini walikutana na chombo hiki kwa njia hiyo ya kuzunguka. Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962, na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianzisha kituo chake mwaka 1973, tena kikiwa cha rangi tangu siku ya kwanza, nacho huhesabiwa miongoni mwa vituo vya mwanzo vya rangi katika Afrika kusini ya Sahara. Tanzania Bara ilichagua njia nyingine. Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere iliona kwamba katika nchi maskini televisheni ni anasa ya wachache wa mijini, na kwamba kazi ya kulielimisha taifa zima ingeweza kufanywa na redio. Mwaka ule ule wa 1973, Zanzibar ilipokuwa ikiwasha mitambo yake ya rangi, Bara iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vikundi vya kusikiliza vijijini. Matangazo ya televisheni Bara yalianza mwaka 1994, nayo yalianzia Dar es Salaam.

Je, mtu wa Iringa hangeweza kuyanasa matangazo ya Zanzibar? Hapa jibu si la siasa bali la jiometri. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kama mwanga: hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Umbali wa kilomita ambao mawimbi hayo hufika kutoka mnara wenye kimo fulani hupatikana, kwa makadirio, kwa kuzidisha 4.12 kwa kipeuo cha pili cha kimo hicho katika mita. Mnara wa mita 100 hufikisha mawimbi kilomita 41 hivi. Antena ya mita 10 juu ya paa huongeza kilomita 13. Iringa iko kiasi cha kilomita 425 kutoka Zanzibar kwa mstari ulionyooka. Hata mji huo ukipewa sifa ya kimo chake cha mita 1,600 hivi, ambacho huongeza kilomita 165, bado mnara wa Zanzibar ungelazimika kuwa na kimo cha karibu mita 4,000, na hapo milima ya Udzungwa iliyo katikati haijahesabiwa. Mbeya iko mbali zaidi. Kwa hiyo sinema ndiyo iliyobaki.

Majumba ya sinema ya miji yetu yalionyesha filamu za Kihindi, za Kimarekani, na baadaye za mapigano kutoka Hong Kong. Mtazamaji makini wa filamu hizo aliweza kutambua jambo la ajabu. Mara nyingine televisheni iliyokuwamo katika picha ilionekana safi kupita kiasi, kana kwamba ni dirisha. Mara nyingine ilikatwa na mkanda wa mwanga au wa giza uliopanda au kushuka bila kukoma, au kioo kizima kilipepesa hadi kuumiza macho. Mwanafunzi aliyetoka hapo akidhani kwamba mkanda ule ni sehemu ya televisheni hakuwa mjinga; hakuwa na televisheni ya kulinganisha.

Ili mkanda huo ueleweke, hapana budi kuanza na kamera ya sinema. Kamera hiyo hupiga picha 24 kamili kila sekunde. Kati ya picha moja na nyingine filamu husogezwa, na wakati inaposogea mwanga huzuiwa na pazia, ambalo ni bamba la mviringo lililokatwa upande mmoja, linalozunguka mbele ya filamu. Aghalabu bamba hilo huwa limekatwa nusu. Maana yake ni kwamba kila picha hupata mwanga kwa nusu ya muda wake tu, yaani sehemu moja ya 48 ya sekunde. Vivyo hivyo katika ukumbi: mashine ya kuonyeshea huziba mwanga kila picha inapobadilishwa, na huiwasha kila picha mara mbili ili macho yasione kupepesa. Mtu aliyelipa nauli na kiingilio kutazama filamu ya saa mbili, kwa hakika amekaa sehemu kubwa ya muda huo katika giza tupu, asijue.

Televisheni ya zamani, ile ya mrija wa kathodi, haina picha kamili hata mara moja. Wanafunzi wa fizikia wanaujua mwale wa kathodi: elektroni hutoka katika kathodi iliyopashwa moto, huvutwa kwa volti nyingi, na hugonga unga ung'aao uliopakwa nyuma ya kioo. Sumaku za umeme huupeleka mwale huo kushoto na kulia, huku ukishuka taratibu kutoka juu hadi chini, mfano wa mkulima anayepiga matuta. Katika mfumo uliotumiwa Afrika ya Mashariki, picha ina mistari 625. Mwale hupita kwanza mistari ya witiri, kisha hurudi juu na kupita ile ya shufwa. Mapito hayo mawili hufanya picha moja. Kuna mapito 50 kila sekunde, kwa hiyo picha 25. Marekani, ambako umeme wa majumbani hupiga mara 60 kwa sekunde badala ya 50 kama wetu, mistari ilikuwa 525 na mapito takriban 60. Kila nukta ya unga hung'aa mwale unapoigusa, kisha hufifia upesi. Wakati wowote ule, sehemu ya juu ya picha tayari inakufa na ya chini haijazaliwa. Jicho ndilo linaloziunganisha.

Televisheni ya rangi huongeza ugumu juu ya huo. Badala ya mwale mmoja iko mitatu, na badala ya unga wa aina moja kuna nukta za aina tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kati ya vyanzo vya miale na kioo huwekwa bamba jembamba la chuma lenye mamia ya maelfu ya vitundu, lililopangwa kwa uangalifu mkubwa hivi kwamba mwale uliokusudiwa nukta nyekundu hauwezi kuigusa ya kijani. Kazi hiyo ilikuwa ngumu na ghali. Televisheni ya rangi iliyotolewa na kampuni ya RCA ya Marekani mwaka 1954, CT-100, ilikuwa na mrija wa inchi 15 na iliuzwa dola 1,000. Ulaya ilisubiri hadi mwaka 1967, ambapo Uingereza na Ujerumani Magharibi zilianza matangazo ya rangi kwa mfumo wa PAL, uliobuniwa na mhandisi Mjerumani Walter Bruch. Mfumo huo ndio uliofika Zanzibar miaka sita baadaye.

Sasa vyombo hivi viwili viwekwe vikitazamana. Kamera hufungua pazia kwa sehemu moja ya 48 ya sekunde. Katika muda huo mwale wa televisheni yenye mapito 50 hupita kioo chote mara moja na kuzidi kidogo, kwa kuwa 50 kugawanywa kwa 48 ni 1.04. Ile asilimia 4 iliyozidi hupitiwa mara mbili, na katika filamu hutokea kama mkanda mwembamba unaong'aa. Mkanda hautulii mahali pamoja. Wakati kamera inapofungua pazia tena, televisheni imekwisha kupita mara mbili na sehemu moja ya 12, hivyo mkanda hukutwa umehama kwa sehemu moja ya 12 ya kioo. Kwa picha 24 huwa umezunguka kioo kizima mara mbili. Mwanafunzi anaweza kufika huko kwa njia fupi zaidi: mapito 50 kutoa 48, jibu ni 2 kwa sekunde.

Kwa televisheni ya Kimarekani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mapito 60 kugawanywa kwa 48 ni 1.25, yaani robo nzima ya kioo ilipata mwanga maradufu. Tena kati ya picha moja na nyingine ya kamera yalipita mapito mawili na nusu; ile nusu iliufanya mkanda urukeruke, juu na chini, picha baada ya picha. Kwa macho ya mtazamaji huo haukuwa mkanda tena bali mtetemeko wa kioo kizima. Hii ndiyo televisheni yenye ugonjwa iliyoonekana katika filamu nyingi zilizotengenezwa kwa haraka au kwa fedha kidogo.

Mafundi walitafuta dawa. Mmoja wa ufumbuzi ni kupunguza uwazi wa pazia la kamera. Mduara una nyuzi 360. Pazia la kawaida lina uwazi wa nyuzi 180. Likipunguzwa hadi nyuzi 144, muda wa mwanga huwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, sawasawa na pito moja la televisheni ya Kimarekani, na robo ile ya ziada hutoweka. Kwa televisheni ya mapito 50 dawa ilikuwa rahisi zaidi: kamera iliongezwa mwendo kidogo, ikapiga picha 25 badala ya 24. Pazia la nyuzi 180 hapo hutoa muda wa sehemu moja ya 50, na vyombo hivyo viwili hutembea hatua kwa hatua kama askari wa gwaride.

Lakini kabla ya ufundi huo kuzoeleka, na hata baada yake, njia iliyopendwa na watengenezaji wakubwa ilikuwa kuiacha televisheni kabisa. Tayari mwaka 1927, wakati televisheni ilipokuwa bado majaribio ya maabara, filamu ya Kijerumani Metropolis iliyoongozwa na Fritz Lang ilionyesha bwana mkubwa akizungumza na msimamizi wake kwa simu yenye picha. Picha hiyo ilirushwa kwa mashine ya sinema kutoka nyuma ya kioo. Miaka 41 baadaye Stanley Kubrick alifanya vivyo hivyo katika filamu ya 2001: A Space Odyssey. Ndani ya chombo chake cha angani kuna vioo bapa vinavyoonyesha habari kwa rangi safi, na wanaanga wawili hula chakula huku kila mmoja akitazama bamba lake lililolala mezani. Hapakuwa na bamba la namna hiyo mwaka 1968. Chini na nyuma ya vioo zilifichwa mashine za sinema za milimita 16. Watu wengi leo husema kwamba Kubrick alitabiri simu na kompyuta bapa. Si kosa kusema hivyo, ila ikumbukwe kwamba ubapa ule ulitokana pia na haja ya fundi, kwani picha inayorushwa kutoka nyuma haihitaji mrija mzito wenye shingo ndefu. Kilichowalaghai watazamaji kwamba wanaona televisheni ya wakati ujao kilikuwa teknolojia ya zamani kuliko televisheni yenyewe.

Rangi nazo zilikuwa na ugomvi wao. Mhunzi anajua kwamba chuma kinapoanza kupata moto huwa chekundu, kisha njano, na moto ukizidi sana huelekea weupe. Wanasayansi wameendeleza kipimo hicho hadi kwenye buluu, na huupima mwanga kwa joto la kitu ambacho kingeutoa. Filamu ya rangi iliyokusudiwa taa za ndani husawazishwa kwa mwanga wa kelvini 3,200. Weupe wa televisheni ni wa kelvini 6,500, na seti nyingi za majumbani zilirekebishwa kuwa juu zaidi ya hapo. Jicho la binadamu hujisahihisha lenyewe, filamu haijui kufanya hivyo. Kwa hiyo televisheni halisi ikipigwa picha katika chumba chenye taa za kawaida, nyuso za watu walio ndani yake hugeuka za kibuluu kama za wagonjwa. Waongozaji wa filamu wakaigeuza hitilafu hiyo kuwa lugha. Ilitosha kumwangazia mchezaji usoni kwa taa ya buluu inayochezacheza, na kila mtazamaji akaelewa kwamba mtu huyu anatazama televisheni, ingawa hakuna televisheni yoyote mbele yake. Lugha hiyo ilieleweka hata kwa watu ambao hawajawahi kukaa mbele ya chombo chenyewe. Waliijua dalili kabla ya kuujua ugonjwa.

Labda televisheni inayokumbukwa kuliko zote katika sinema za zamani ni ile isiyowashwa. Katika filamu ya All That Heaven Allows ya mwaka 1955, iliyoongozwa na Douglas Sirk, watoto wa mama mjane humzuia asiolewe na mtunza bustani, kisha humletea zawadi ya televisheni ili asikae mpweke. Chombo kinawekwa mbele yake, na katika kioo chake cheusi mama huyo anauona uso wake mwenyewe. Kisayansi hapana muujiza: kioo kilichopinda kidogo chenye kiza nyuma yake huakisi sehemu ndogo ya mwanga, nayo hutosha. Ila izingatiwe kwamba filamu yenyewe ilipigwa kwa rangi. Kisanduku cha siku zile, ambacho kikiwashwa kingetoa picha nyeusi na nyeupe, kinatoa picha ya rangi kikiwa kimezimwa. Inafaa pia kukumbuka kwamba wakati huo makampuni ya filamu ya Marekani yalikuwa yakipoteza watazamaji kwa televisheni, nayo yalikuwa yakipigana kwa rangi na kwa vioo vipana. Hayakuwa na haraka ya kuionyesha televisheni ikiwa nzuri.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 ugomvi ulikuwa umepoa. Filamu ya Being There, ya mwaka 1979, inamhusu mtunza bustani ambaye maisha yake yote ameujua ulimwengu kupitia televisheni tu. Siku anapotoka nje na kutishwa na vijana barabarani, anatoa kidude cha kubadilishia vituo na kukibonyeza ili awaondoe. Watazamaji hucheka. Mtu wa Mbeya au Iringa wa mwaka huo alikuwa katika hali iliyo kinyume kabisa na ya huyo bwana: ulimwengu aliujua vizuri, televisheni ndiyo aliyoijua kwa picha.

Katika miaka ya 1980 seti za televisheni zilianza kuingia katika miji ya Bara pamoja na mashine za video, ingawa hapakuwa na kituo cha kuzirushia matangazo. Kwa hiyo televisheni ilifika Nyanda za Juu ikiwa tena mtumishi wa sinema: kazi yake ilikuwa kuonyesha filamu zilizorekodiwa katika kanda. Hapo hesabu iligeuka. Filamu ya picha 24, ikiwekwa katika mfumo wa picha 25, hukimbia kwa asilimia 4 zaidi. Filamu ya dakika 100 huisha kwa dakika 96, na sauti za waimbaji hupanda kidogo, pungufu ya nusu ya toni. Waliokuwa wamezikariri nyimbo za filamu za Kihindi katika jumba la sinema walikuwa na haki ya kuhisi kwamba katika video kuna kitu kimebadilika, hata kama hawakuweza kukitaja.

Leo mitambo ya kidijiti imechukua nafasi ya ile ya zamani. Mbeya ilizimiwa matangazo ya analojia mwaka 2013. Televisheni za mrija zimebaki kuwa mzigo katika vibanda vya mafundi, na si ajabu kuzikuta Mwanjelwa au Mlandege zikiuzwa kwa bei ya chakavu. Mwalimu wa fizikia akiipata moja inayowaka bado, amepata maabara. Kifuniko cha nyuma kisifunguliwe kamwe na wanafunzi, kwa sababu mrija wa rangi hutumia volti zipatazo 25,000, na umeme huo huweza kubaki ndani muda mrefu baada ya waya kuchomolewa ukutani. Yote yanayohitajika yako mbele ya kioo.

Chumba kitiwe giza, televisheni iwashwe, na mwanafunzi aipeperushe penseli haraka mbele ya kioo. Mchana penseli iendayo mbio huonekana kama ukungu mmoja. Hapa itaonekana kama penseli nyingi zilizotengana, moja kwa kila pito la mwale. Kisha tone dogo la maji lidondoshwe kwa ncha ya kidole juu ya kioo mahali palipo peupe: litafanya kazi ya lenzi, na ndani yake zitaonekana nyekundu, kijani na buluu, pasiwe na nyeupe popote. Mwisho televisheni ipigwe picha kwa kamera ya simu, isiyo na pazia linalozunguka lakini yenye hesabu yake ya muda. Mikanda ya giza itatokea katika kioo cha simu na kuanza kutembea, wakati televisheni iliyo mezani, ikitazamwa kwa macho, imetulia.